Kuujenga Ujuzi wa Kidijitali wa Wakutubi wa Vyuo Vikuu: Mwongozo Kamili wa Kuinua Huduma za Maktaba

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ilijengwa ipokee wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia. Hata hivyo, mwanafunzi wa uzamili aliyeko Sumbawanga akikusanya data za tasnifu yake hana kiti hata kimoja kati ya viti hivyo. Kwake yeye maktaba ni ukurasa unaofunguka, au unaogoma kufunguka, kwenye simu yake, na mkutubi ni mtu yule anayejibu ujumbe wake au kuuacha bila jibu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakurugenzi wa maktaba za vyuo vikuu, wakuu wa sehemu na wakutubi wanaokaa madawatini, hasa hapa Tanzania. Msimamo wake ni mmoja: ujuzi wa kidijitali wa mkutubi hupimwa kwa kile ambacho msomaji anaondoka nacho. Vyeti vya semina na majina ya programu zilizosimikwa havisemi lolote mpaka mtu aliyekuja na swali apate jibu. Kwa hiyo tunaanzia kwa msomaji aliyeondoka mikono mitupu, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka tuufikie ujuzi uliopungua.

Hatua ya kwanza: Fungueni daftari la maswali yaliyokwama

Kwa wiki 4 mfululizo, wakati masomo yamepamba moto na si wakati wa likizo, kila dawati liwe na daftari au faili moja ya pamoja. Kila swali ambalo halikupata jibu, au lililopata jibu nusu, liandikwe kwa maneno yaleyale aliyoyatumia msomaji, pamoja na njia lililokuja nayo (ana kwa ana, simu, barua pepe, WhatsApp), mahali lilipokwama na muda uliotumika. Jina la msomaji lisiandikwe, na jina la mkutubi aliyelipokea lisiandikwe pia, kwa sababu daftari likigeuka kuwa faili la makosa ya watumishi litakuwa tupu kufikia wiki ya pili.

Mwisho wa wiki hizo, maswali yagawanywe kwa sababu za kukwama. Yapo yaliyokwama kwa sababu mkutubi hakujua namna ya kutafuta; yapo ambayo makala ilionekana lakini haikufunguka; yapo ambayo kitabu kipo rafuni ila katalogi haikionyeshi; na yapo yaliyokwama kwa sababu umeme ulikatika au intaneti ilikuwa ya kusuasua. Kundi hili la mwisho litolewe kabisa katika mpango wa mafunzo na lipelekwe kwa uongozi wa chuo na kitengo cha TEHAMA kama hoja ya bajeti. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ni uonevu kumpeleka mkutubi kwenye semina ya siku 5 ili aponye tatizo la waya uliokatika.

Hatua ya pili: Pimeni ujuzi kwa kazi halisi

Njia iliyozoeleka ni kugawa hojaji inayomtaka mkutubi ajipe alama kuanzia 1 hadi 5. Matokeo yake hupotosha, kwani mwenye kujiamini hujipa 5 na mnyenyekevu hujipa 2 hata kama wanafanya kazi kwa kiwango kilekile. Mfumo wa ujuzi wa kidijitali wa Umoja wa Ulaya uitwao DigComp, wenye maeneo 5 na umahiri 21, unafaa kama ramani ya jumla, lakini uliundwa kwa ajili ya raia wa kawaida na haugusi katalogi wala hifadhi ya tasnifu.

Mpeni kila mkutubi kazi chache zinazotokana na lile daftari, azifanye kwenye kompyuta anayoitumia kila siku: kupata makala nzima juu ya mada aliyopewa na kueleza aliipataje, kumsaidia mwanafunzi aliye nje ya chuo aingie kwenye jarida la kulipia, kusahihisha rekodi yenye kasoro katika katalogi, kupandisha tasnifu moja kwenye hifadhi ya kidijitali ikiwa na taarifa zake zote, na kuchunguza orodha ya marejeo 10 na kusema ni yapi yasiyokuwepo. Hizo zinatosha.

Upimaji ufanyike faraghani kati ya mkutubi na mkuu wake wa sehemu. Mtumishi aliyeipa maktaba miaka 25, akifanyiwa mtihani mbele ya vijana anaoitikia shikamoo zao kila asubuhi, atajifunza kitu kimoja tu, nacho ni kuficha asichokijua. Baada ya kupima, waunganishwe wawili wawili, mzoefu na kijana. Mzoefu anajua ni ripoti gani ya miaka ya 1970 imo katika kabati la nyuma. Kijana anajua namna ya kuichanganua kwa mashine (kuiskani) na kuifikisha kwa msomaji. Ujuzi wa aina moja bila mwenzake huacha maswali mengi bila majibu.

Hatua ya tatu: Fundisheni kutafuta, na mfundishe kwa kina

Nimeona maktaba zikitumia sehemu kubwa ya fedha za mafunzo kwenye programu, huku ujuzi wa kutafuta ukichukuliwa kuwa kila mtu anao. Hapa ndipo maswali mengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kilimo anafika dawatini: “Shikamoo mama, naomba makala kuhusu ugonjwa wa michirizi kahawia ya mihogo.” Mkutubi asiyefunzwa ataandika maneno hayo kama yalivyo, au atafsiri neno moja moja, na atapata ama kurasa elfu kadhaa zisizohusika ama hakuna kitu. Mkutubi aliyefunzwa ataanza kwa kuuliza: unataka kujua nini hasa, mdudu anayeueneza, mbegu zinazouvumilia, au hasara kwa mkulima? Mwanafunzi akisema ni mdudu, mkutubi atatafuta jina ambalo watafiti wanauitia ugonjwa huo kwa Kiingereza, alifunge kwa alama za kunukuu ili mashine ilisome kama jina moja, kisha aunganishe na mdudu kwa majina yake yote mawili, la kawaida na la kisayansi:

“cassava brown streak” AND (whitefly OR “Bemisia tabaci”)

AND hupunguza matokeo kwa kudai pande zote mbili ziwepo; OR huyaongeza kwa kukubali lolote kati ya majina; mabano hulinda mpangilio usivurugike. Kila mkutubi azifanyie mazoezi alama hizi mpaka zimtoke mkononi bila kufikiri. Majina ya kisayansi yana faida ya pekee kwetu, kwa kuwa hayabadiliki toka lugha moja hadi nyingine.

Kisha kuna kichujio cha miaka. Wanafunzi wengi huagizwa watumie makala za miaka 5 au 10 iliyopita, na mkutubi huwawekea kichujio hicho moja kwa moja. Katika mada hii kichujio kitaficha chimbuko lenyewe, kwa maana ugonjwa huu ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na kazi hiyo ilifanyika katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Mwanafunzi wa Morogoro au Tanga anastahili kujua kwamba historia ya mada yake iko karibu naye. Tafuteni kwanza bila kichujio, mtazame upana wa maandiko, ndipo mpunguze.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, mahali ambapo miongozo iliyoandikwa ughaibuni haitusaidii. Miongozo hiyo hufundisha kuweka nyota mwishoni mwa shina la neno, ili farm* ilete farmer, farmers na farming. Ujanja huo unafanya kazi kwa sababu maneno ya Kiingereza hubadilika mkiani. Ya kwetu hubadilika kichwani: mhogo huwa mihogo, mkulima huwa wakulima, na kazi yake ni kilimo. Nyota ya mwishoni haina msaada hapo. Mkutubi anayemtafutia mwanafunzi maandiko ya Kiswahili hana budi kuyaorodhesha maumbo mwenyewe, mathalani (mkulima OR wakulima OR kilimo), au kwa fasihi (shairi OR mashairi OR ushairi). Lahaja nazo zina lake: anayetafuta utenzi asisahau tenzi, utendi na tendi. Andaeni jedwali la maumbo ya aina hii kwa mada zinazoulizwa mara kwa mara katika chuo chenu, lining'inizwe kila dawati, na kila anayegundua umbo jipya aliongeze. Hakuna kampuni ya nje itakayotuandalia.

Hatua ya nne: Ufungueni mlango wa nje ya chuo

Malalamiko ya kwamba makala inaonekana lakini haifunguki yana maelezo mepesi ambayo kila mkutubi ayajue kiasi cha kumweleza mwanafunzi kwa dakika 2. Mchapishaji wa jarida la kulipia huitambua maktaba kwa namba za anwani za mtandao wa chuo. Mwanafunzi akiwa ndani ya chuo, namba hizo humtambulisha. Akirudi Mbagala na kutumia bando la simu yake, namba inakuwa ya kampuni ya simu na mlango unafungwa. Dawa ni mfumo unaompitisha mwanafunzi kwanza kwenye seva ya chuo kwa jina na nywila yake, ndipo aende kwa mchapishaji. Kama chuo chenu kina mfumo huo, mkutubi aujaribu kwa simu ya kawaida akiwa nyumbani angalau mara moja kwa mwezi, maana hitilafu nyingi hazionekani kwa mtu aliyekaa ofisini.

Mkutubi pia ajue chuo kina haki ya kusoma nini. Vyuo vingi vya Tanzania vinachangia usajili wa majarida kupitia umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, COTUL. Zipo pia programu za Research4Life kwa nchi za kipato cha chini na cha kati: Hinari ya afya, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, AGORA ya kilimo iliyofuata mwaka 2003, kisha OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na ubunifu, na GOALI ya sheria na haki. Inasikitisha kuona mwanafunzi wa sheria akiambiwa “hatuna” wakati chuo chake kina sifa ya kusajiliwa GOALI na hakuna aliyejaza fomu. Nywila za programu hizi ni za taasisi. Zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa kuvunja masharti kunaweza kukifungia chuo kizima.

Hatua ya tano: Safisheni katalogi

Katika maktaba zetu nyingi katalogi inaendeshwa kwa Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, ambayo jina lake katika lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Programu ni nzuri, lakini haiwezi kuwa bora kuliko rekodi zilizoingizwa ndani yake.

Anzeni na majina. Jina la Mtanzania mara nyingi hufuatana hivi: lake, la baba, la babu. Rekodi zilizonakiliwa kutoka maktaba za nje humchukulia babu kuwa jina la ukoo, wakati mkutubi wa hapa alikwishamwingiza mwandishi huyohuyo kwa jina lake la kwanza, na wa tatu akatumia herufi za mwanzo. Vitabu vya mtu mmoja vinatawanyika chini ya waandishi watatu, na msomaji huona kimoja akidhani ameviona vyote. Chagueni umbo moja, liwekwe kwenye faili la majina yaliyothibitishwa, na maumbo mengine yaelekezwe huko. Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, hivyo vitabu vingi vya Kiswahili tayari vina rekodi katika katalogi yake. Mkutubi anayejua kuzivuta ataokoa saa nyingi, ila azisome kabla ya kuzipokea.

Halafu angalieni lugha. Katika MARC 21, mfumo wa kuandika rekodi za katalogi, Kiswahili kina msimbo wake, swa. Pale ambapo mwingizaji aliacha msimbo wa Kiingereza uliojiweka wenyewe, kitabu cha Kiswahili hupotea mara tu msomaji anapochuja kwa lugha. Toeni ripoti ya rekodi zote zenye kichwa cha Kiswahili na msimbo usio sahihi, mgawane rekodi 20 kwa kila mkutubi kwa wiki. Ni kazi ya kuchosha, na sijaona nyingine inayoonekana haraka hivyo kwa msomaji.

Hatua ya sita: Tasnifu zisomeke, na zisipotee

Tasnifu iliyochanganuliwa kama picha haitafutiki. Mashine haioni maneno ndani yake. Changanueni kwa ukali wa nukta 300 kwa inchi, kisha mpitishe programu ya kutambua maandishi, na mkutubi afungue faili ajaribu kutafuta neno moja kabla ya kuipandisha. Katika DSpace, programu ya hifadhi ya kidijitali ambayo vyuo vingi hutumia, jazeni mwandishi, kichwa, mwaka wa kukamilika, idara, lugha, ikisiri na istilahi za mada. Ikisiri ya Kiswahili ikiwepo, iingizwe pamoja na ya Kiingereza. Mwandishi mwenye sababu ya kuchelewesha kusomwa kwa kazi yake, mathalani anayetaka kuichapisha kwanza, awekewe tarehe ya kufunguliwa na tarehe hiyo iheshimiwe.

Kuhusu nakala za akiba, mkutubi asikubali jibu la “TEHAMA wanashughulikia.” Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandao Oktoba 2023, na katalogi yake kuu ilirudi kutafutika Januari 2024. Aprili 2021 moto uliteketeza ukumbi wa Jagger wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliokuwa na makusanyo ya masomo ya Afrika. Wekeni nakala 3, katika vyombo vya aina 2, moja ikae nje ya chuo. Kila muhula mkutubi mmoja aombe tasnifu 5 zirejeshwe kutoka kwenye akiba, azifungue kwa macho yake.

Hatua ya saba: Marejeo ya kweli na ya kubuni

Tangu zana za akili mnemba zisambae mwishoni mwa mwaka 2022, wanafunzi hufika na orodha za marejeo zenye majina ya waandishi halisi, majarida halisi na makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Mkutubi achukue namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala, aipeleke doi.org; isipofunguka, au ikifungua makala tofauti, atafute kichwa chote ndani ya alama za kunukuu, kisha atazame toleo la jarida lenyewe kurasa zilizotajwa. Haya afanye akiwa na mwanafunzi pembeni yake na bila kumfokea, kwa kuwa wengi wao wamedanganywa na mashine na hawakukusudia kudanganya. Papo hapo amwonyeshe Zotero, programu ya kutunza marejeo ambayo haina malipo, ili kila makala anayoifungua kweli aihifadhi na marejeo yake.

Hatua ya nane: Siri ya msomaji

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini tarehe 1 Mei 2023, na rekodi za uazimaji zinaihusu. Mkutubi asimwambie mhadhiri mwanafunzi gani ameazima nini, kila mmoja awe na nywila yake badala ya moja ya kaunta nzima, na aliyehama kitengo aondolewe ruhusa siku hiyohiyo.

Hatua ya tisa: Ratiba inayowezekana

Semina ya siku 5 mjini hupoa kabla ya mwezi kwisha. Tengeni saa moja kila wiki, siku na wakati uleule, kaunta ikishikwa kwa zamu. Saa hiyo ifanye kazi juu ya rekodi zenu, tasnifu zenu na maswali ya daftari lenu: wiki 8 kwa kutafuta, 6 kwa katalogi, 4 kwa hifadhi, na zilizobaki kwa mengineyo. Anayetumwa kwenye mafunzo ya nje arudi na wajibu wa kuendesha saa mbili kati ya hizo. Bajeti iwasilishwe mapema kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, nayo itaje bando la mkutubi anayejibu wasomaji jioni, kwani wengi leo hulilipa mfukoni mwao.

Hatua ya kumi: Waulizeni wasomaji kwa namna inayofichua

Swali la “je, umeridhika?” huvuna majibu ya heshima. LibQUAL+, chombo kilichobuniwa na umoja wa maktaba za utafiti wa Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Texas A&M, huuliza mambo 3 kwa kila huduma: kiwango cha chini unachoweza kukivumilia, kiwango unachokitamani, na kiwango unachokipata. Hata bila kununua chombo chenyewe, mnaweza kutumia mantiki hiyo katika dodoso fupi la Kiswahili lenye huduma 8 au 10. Huduma inayoangukia chini ya kiwango cha kuvumilika ndiyo ipewe saa za mafunzo za muhula unaofuata.

Mwaka ukitimia, fungueni daftari tena kwa wiki 4 za mwezi uleule. Msishangae idadi ya maswali ikiongezeka, kwa sababu wasomaji waliozoea kuondoka kimya huanza kuuliza pale wanapoona wanajibiwa. Linganisheni mahali yanapokwama: swali la michirizi kahawia likirudi, litazameni lilichukua dakika ngapi safari hii, na aliyelijibu ndiye aongoze saa ya wiki inayofuata.